Maneno Mawili Yaliyokosa Nafasi

Kwa miaka ishirini na miwili nimeandika mabango na sikuwahi kukosea hata herufi moja. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa najua ndivyo inavyosikika, na mke wangu akiwa karibu lazima agune. Nimeandika vibao vya maduka, milango ya magari, kuta za shule na mbao za makaburi. Vinyozi wa mtaa huu wote walikuwa "vinyonzi" mpaka nilipowarekebisha mmoja mmoja. Fundi cherehani mmoja aliniletea karatasi imeandikwa "Tunashona ngua za aina zote", nikamrudisha nyumbani akafikirie kwanza. Ndiyo maana wakanipachika jina la Nukta, kwa sababu hata kwenye kibao cha "Usikojoe hapa" niliweka nukta mwishoni. Lilikuwa jina la kunitania, lakini mimi nikalivaa kama koti jipya.

Basi sikilizeni jinsi koti hilo lilivyonibana.

Nesi wa zahanati alifika karakanani kwangu Jumamosi asubuhi, kitambaa cheupe kwapani na karatasi mkononi. Ni mwanamke mfupi mwenye haraka, hata akisimama huonekana kama anaondoka. Akanieleza kwamba Jumatatu wanaanza kuchanja wasichana pale shule ya msingi, wiki moja tu. Ijumaa saa nane mchana wanafunga vifaa vyao na kuhamia upande mwingine. Karatasi yake ilisema: CHANJO YA KUZUIA SARATANI YA MLANGO WA KIZAZI. WASICHANA MIAKA 9 HADI 14. BURE.

"Niwekee herufi kubwa, fundi, mtu aone toka barabarani."

"Sista, kitambaa hiki kifupi."

"Ndicho nilichopewa. Wewe si ndiye Nukta? Banabana hapo."

Hapo akawa amenishika pabaya. Mimi ukiniambia kazi haiwezekani, nitakubali na tutaagana vizuri. Ukiniambia "wewe si ndiye Nukta", nimekwisha.

Nikakitandaza kitambaa juu ya meza ndefu mbele ya karakana. Nyumba yangu na karakana ni kitu kimoja: mbele nafanyia kazi, nyuma kuna vyumba viwili, kisha ua wenye jiko na bafu, na pembeni ya ua chumba kidogo ambamo dada yangu alikuwa analala. Ni dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni mama yetu alipokuwa shambani, na aliyenifundisha kushika kalamu kabla sijaanza shule. Alikuja kwetu miezi mitatu nyuma. Mke wangu aliambiwa ni tumbo na mambo ya umri, na majirani wakaambiwa ni tumbo tu.

Ukweli nilikuwa nao mimi peke yangu, kwa sababu ndimi niliyempeleka hospitali kubwa na ndimi niliyesoma majibu. Saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imeshatambaa. Tulikaa kwenye benchi la nje, karatasi mapajani mwangu.

"Umesoma?" akaniuliza.

"Nimesoma."

"Basi umemaliza. Kinywa chako kiwe kaburi."

Akaniapisha kwa jina la mama. Alisema watu wakisikia ugonjwa wa huko watauliza ameupata wapi, na jibu watakuwa nalo kabla ya swali. Alikuwa mjane wa miaka kumi na mmoja, ameishi kwa heshima mpaka majirani zake walikuwa wakimwachia funguo za nyumba zao. Hakutaka kuzikwa na jina ambalo hakulichuma. Nikaapa.

Sasa Jumamosi hiyo alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa karakana anaota jua. Alipenda kutazama herufi zikizaliwa, akizisoma kwa sauti silabi kwa silabi. "Chan-jo. Ya. Ku-zu-i-a." Nilipofika hapo niliona mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, nilikuwa nimejitanua mno na nafasi iliyobaki haitoshi. La pili, neno linalofuata lilikuwa lile, na dada yangu ameinamisha shingo anangoja nianze.

Nawaambia wazi, mkono ulikataa. Nikaruka maneno mawili, SARATANI YA, nikaandika MLANGO WA KIZAZI, na chini yake miaka, na BURE, na nukta. Nikajiambia kosa ni la kitambaa. Nikajiambia pia kwamba kila mtu anajua chanjo inazuia ugonjwa, hakuna mwenye akili timamu atakayefikiri vingine. Nesi alikuja jioni na haraka zake, akakikunja bila kukisoma, kabla rangi haijashika sawasawa, akaondoka.

Chanjo ya kuzuia mlango wa kizazi. Someni tena polepole muone nilichowatendea watu.

Jumatatu saa moja asubuhi bango lilikuwa limetundikwa kwenye geti la shule. Saa nne lilikuwa limeshasomwa na kila mama mwenye mtoto pale, na asiyejua kusoma alikuwa ameshasomewa. Saa sita watu wa afya wakaja mbiombio kulishusha, bila kumwambia mtu neno. Hilo ndilo lililomaliza kila kitu. Lingeachwa, watu wangebishana, mwenye akili angeuliza. Kulishusha kimyakimya namna ile kulikuwa sawa na kulipiga muhuri.

Mke wangu hushona sare za shule, kwa hiyo hakuna mama asiyemjua, na habari zote humpitia kabla hazijafika zinakokwenda. Mchana ule aliingia karakanani na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Akanishika mikono yote miwili, na rangi yake.

"Baba Watoto, kumbe una moyo! Wamekuletea uongo, wewe ukawaandikia ukweli!"

"Ukweli gani?"

"Usijifanye mgeni. Mtaa mzima umekusoma. Wanataka kuziba vizazi vya watoto wetu, tena wasichana tu, tena bure! Lini umeona samaki akapewa chambo bila ndoana?"

"Mama Watoto, nilikosea. Nimeruka maneno."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya futi. "Wewe? Wewe uruke maneno? Wewe uliyerudisha kadi ya harusi ya mdogo wangu kwa ajili ya herufi moja?"

Miaka kumi na minane ya ndoa, na sikumbuki siku aliyonitazama kwa fahari namna ile. Naona haya kusema kwamba kwa kitambo kidogo nililiacha tabasamu lake liendelee. Kisha nikamkumbuka binti yetu.

Binti yetu mdogo ndiye kitinda mimba. Alikuwa na miaka kumi na minne na miezi kumi na mmoja. Mwezi ujao angetimiza kumi na tano, na kwenye karatasi ya nesi kumi na tano haipo. Ama wiki ile, ama basi tena. Mimi niliyekuwa nikimsaidia dada yangu kugeuka kitandani, niliyekuwa nikimsikia anauma shuka ili asilie, nilimtaka mtoto wangu apate sindano ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

"Na huyu je?" nikamwuliza mke wangu. "Apelekwe, tafadhali. Mimi nakuomba."

"Huyu ni kitinda mimba wangu," akanijibu, "hatatindwa mimba na mtu."

Kuanzia hapo nikawa kama panya kwenye debe, kila upande ninaogeukia ni bati. Jumanne kinyozi wa ng'ambo ya barabara alinikonyeza. Nikavuka nikamwambia, bwana, lile bango lilikuwa kosa langu, chanjo haina ubaya. Akatazama kushoto na kulia, akanong'ona, "Tumekuelewa, Nukta. Wamekutisha. Usiseme zaidi." Nikapandisha sauti kwamba hakuna aliyenitisha. Wateja wake wakatikisa vichwa kwa huruma, na mmoja akasema, "Mwacheni jamani, ana familia." Nilirudi kwangu na hasira zangu. Kadiri nilivyokanusha ndivyo nilivyothibitisha.

Jioni nesi akaja. Safari hii alisimama kweli.

"Wasichana mia na arobaini wako kwenye orodha yangu," akasema. "Leo wamekuja wawili. Mmoja ni mtoto wa mwalimu mkuu, na mwingine alidhani tunagawa madaftari. Fundi, nimekukosea nini?"

Nikamwambia kitambaa kilikuwa kifupi. Akanitazama kama anavyotazamwa mlevi, akatoa kitambaa kingine, kirefu, akanitaka niandike upya na Alhamisi nije kwenye mkutano wa wazazi niseme kwa mdomo wangu.

Usiku huohuo sikulala, na alfajiri nikaandika bango jipya lenye maneno yote, mlango wa dada ukiwa umefungwa. Likatundikwa Jumatano. Nilidhani limekwisha. Kumbe sasa watu walikuwa wanalinganisha. "Angalieni herufi," wakasema, "hazina raha, mkono wa mtu aliyelazimishwa huo." Na mama wa genge la mboga akasoma kwa sauti, akafika kwenye neno lile, akaruka nyuma kama amekanyaga kaa la moto. "Heee! Jumatatu walikuwa wanafunga kizazi tu. Leo wameongeza na saratani!"

Mkutano ulikuwa Alhamisi saa kumi, darasa la tano, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto magoti yakikaribia videvu. Mwalimu mkuu alifungua kwa maneno matatu akaketi, maana naye alikuwa amechoka na simu za wazazi. Nesi akasimama. Ninamheshimu yule mama mpaka leo kwa alivyojibu bila kumdharau mtu.

Fundi viatu aliuliza mtu mwenye afya yake anachomwa sindano ya nini. Nesi akasema paa huezekwa kabla ya mvua, na kirusi cha ugonjwa huu kikishaingia mwilini chanjo haikitoi, ndiyo maana wanawawahi wasichana wangali wadogo. Mama mmoja akasema amesikia kwamba ndani ya kichupa wameweka ugonjwa wenyewe. Nesi akamjibu kwamba hamna kirusi mle, ni mfano wa ganda lake tu, tupu, mwili upate kulijua umbo la adui. Mwingine akasema binti wa ndugu yake alichomwa akaanguka palepale. "Wengine huanguka kwa woga wa sindano, mama, ndiyo maana tunawakalisha robo saa baada ya kuwachoma," nesi akasema. "Inaingia begani. Bega litauma siku moja mbili, anaweza kupata homa kidogo. Kizazi haikigusi."

Watu walianza kulegea, nakwambieni. Niliona mabega yakishuka. Kisha nikaitwa mimi.

Nikasema yote: kwamba niliruka maneno mawili, kwamba hakuna siri, kwamba kosa ni langu. Kinyozi akanyanyua mkono.

"Nukta, swali dogo. Miaka ishirini na miwili, umewahi kukosea bango?"

Ungesema nini wewe? Ukutani nyuma ya wazazi ilikuwepo kauli mbiu ya shule niliyoiandika mwenyewe, haina doa.

"Hapana," nikasema.

"Hata herufi?"

"Hata herufi. Lakini hili—"

"Ametujibu," kinyozi akawaambia watu, na darasa zima likanipigia makofi. Walinipigia makofi! Mke wangu, dawati la mbele, ndiye aliyeyaanzisha. Kisha mama wa genge akainuka na kuuliza swali lililonimaliza.

"Huu ugonjwa mnaotutishia nao, tuonyesheni mgonjwa mmoja. Mmoja tu, hapa mtaani kwetu, tunayemjua. Nani?"

Nesi akasema wagonjwa ni wengi lakini siri ya mgonjwa hatoi. Watu wakaguna. Mimi nilisimama pale mbele ya ubao, jina liko kwenye ulimi, na dada yangu amelala hatua elfu moja kutoka pale. Ningefungua mdomo, vita ingekwisha. Nikaufunga. Mama wa genge akasema, "Mmeona," na watu wakaanza kutoka.

Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa dada. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwomba aniruhusu. Nikamweleza habari ya mtoto, ya siku iliyobaki, ya swali la yule mama.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Mtoto ni damu yangu," akasema. "Mpeleke."

"Mama yake hataki mpaka aamini. Hataamini mpaka nimwambie."

"Basi tafuta njia nyingine, wewe una akili. Nitakufa mara moja, kaka. Usiniue mara ya pili kwa midomo ya watu."

"Dada..."

"Uliapa."

Nilimmiminia maji kwenye kikombe nikatoka. Sikumkasirikia. Nilijikasirikia mimi, na mama aliyekwisha kufa ambaye jina lake ndilo lililonifunga.

Ijumaa niliamka nikakuta mke wangu ameshajipanga. Geti la uani lilikuwa na kufuli na ufunguo uko kwake. Cherehani yake ya miguu, ile nzito, alikuwa ameiburuta mpaka kwenye mlango unaotoka vyumbani kwenda karakanani, akakaa mbele yake na rundo la sketi za buluu. Mtoto haendi shule leo, alisema, wasije wakamvizia. Nikawa nimefungiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe na sketi za watu.

"Nipishe, Mama Watoto."

"Wewe pita, upande huu upo. Mtoto hapana."

"Mimi ni baba yake."

"Na mimi nimemzaa. Wewe, baba, hukuvunjika nyonga siku ile." Akakanyaga, cherehani ikalia.

Nilijaribu kila mlango wa maneno. Nilibembeleza, nilifoka, nilitaja maneno ya nesi moja baada ya jingine. Kwa kila neno nililosema alinijibu kwa upole, kama mtu anayemhurumia mumewe aliyetishwa. Huo upole ndio ulionichoma zaidi. Saa tano ikapita. Saa sita. Binti yetu alikuwa uani anafua soksi zake, akaja akasimama nyuma yangu mikono ikichuruzika.

"Baba, naomba kuuliza. Ulikosea, au hukukosea?"

"Nilikosea, mwanangu."

"Sasa mbona hawakuamini?"

"Kwa sababu sijawahi kukosea."

Akafikiri kidogo. "Hilo nalo kosa, baba," akasema, akarudi kwenye soksi zake.

Saa saba mchana. Shule ni mwendo wa dakika kumi. Niliinama karibu na sikio la mke wangu, nikiwa nimeazimia kunong'ona, lakini cherehani ilikuwa inapiga kelele na yeye hakutaka kunisikiliza, ikabidi nipandishe sauti. Na nilipoipandisha ndipo akaondoa mguu kwenye kikanyagio, uzi umekatika. Maneno yangu yakabaki peke yake ndani ya nyumba iliyonyamaza.

"Dada ana saratani ya mlango wa kizazi! Hiyohiyo! Nimesoma karatasi kwa macho yangu, na hatumalizi naye mwaka!"

Dirisha la dada linafungukia uani. Lilikuwa wazi.

Mke wangu hakugeuka. Alikuwa ameshika ncha ya uzi uliokatika, anaitazama.

"Zile nguo," akasema hatimaye. "Miezi mitatu nafua zile nguo za wifi zenye damu. Nikamwuliza, akaniambia ni umri." Akauzungusha uzi kidoleni. "Na ile harufu. Nilisema moyoni, huyu hajui kujisafisha. Mungu anisamehe, nilisema hivyo."

Hakuniuliza kama ni kweli. Bango jipya halikumfanya aniamini, wala mkutano, wala kubembeleza kwangu. Aliamini mikono yake mwenyewe iliyokuwa imefua. Akainuka, akaisukuma cherehani kwa nyonga mpaka ikagonga ukuta.

"Wewe, njoo! Vaa viatu."

"Nivae sare, mama?"

"Viatu nimesema!"

Walitoka wakikimbia, futi bado shingoni mwa mama. Ilikuwa saa saba na nusu.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na nesi baadaye. Akina mama walikuwa wamejazana getini kuhakikisha hakuna anayeingia. Walipomwona mke wangu anamvuta mtoto, mama wa genge akamkabili: "Hee, na wewe umegeuka? Wamekulisha nini?" Mke wangu hana sauti ndogo hata akiwa ameridhika, sembuse akiwa analia. Aliwaambia. Aliwatajia nani, na ugonjwa gani, na akawaelezea zile nguo. Wakampisha. Wengine wakaenda nyumbani kuwafuata watoto wao, na nesi hakufunga saa nane. Mpaka saa kumi na moja alikuwa amechanja wasichana hamsini na watatu, na vichupa vikamwishia.

Mimi sikwenda. Nilisimama uani mbele ya dirisha lile.

"Dada," nikaita.

Alikuwa ameketi kitandani anafunga kitambaa kichwani, polepole, kama mtu anayetarajia wageni. Hakujibu.

Na wageni walikuja. Kuanzia saa tisa walikuja wawiliwawili, wakavua viatu mlangoni. "Pole, dada. Pole sana." Naye akawajibu kila mmoja, "Nimeshapoa," mgongo umenyooka. Wengi walikuwa na huruma ya kweli, sitaki kuwasingizia. Lakini mmoja alimzuia mtoto wake mlangoni, akamwambia asivute pumzi ya chumba kile. Na wawili, walipofika uani wakidhani niko mbali, nilisikia mmoja akisema, "Na alivyokuwa anajifanya mtulivu, kumbe." Mwenzake akacheka puani. Nikawaambia watoke kwangu, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, nami ni mtu ninayeandika karibu kila kitu. Walitoka. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na kama mimi nilisikia, yeye pia alisikia.

Binti yetu alirudi saa kumi, mkono mmoja ameushika kwa mwingine. Alipita mbele yangu akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, nami nikamfuata mpaka kizingitini, bakuli la uji mkononi, kwa sababu dada hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi.

"Wamekuchoma wapi?" dada akamwuliza.

Mtoto akapandisha mkono wa blauzi. Dada akanyoosha kidole, akagusa ngozi kando ya kile kijidoa, kwa upole.

"Umeumia?"

"Kidogo, shangazi."

"Kidogo tu?"

"Kidogo tu."

Dada yangu akamvuta, akamlaza kichwa kifuani pake, akalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia tangu majibu yatoke. Alilia bila kuuma shuka, kwa sauti, na mtoto akamshika. Nikapiga hatua moja ndani na lile bakuli langu.

Hakuniangalia. Alisema na mtoto.

"Mwambie baba yako atoke."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Dada yangu aliniambia, ndani ya nyumba yangu, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, ingawa aliishi wiki tisa tena na mke wangu akawa analala naye chumba kimoja. Nikaliweka bakuli sakafuni, nikatoka.